Mizani Iliyokupunja

Baba Tatu,

Kaka yako Hamadi amenikataza kukuandikia. Anasema maiti huombewa dua, haandikiwi barua. Dua nakuombea kila baada ya sala na sitaacha. Lakini nina mambo ya gati ya kukueleza, na hayo hayaingii katika dua. Kwa hiyo nimeazima kalamu ya chuoni ya mwanetu Tatu, nimekaa sakafuni chumbani kwetu hapa Mtaa wa Sikukuu, mchana kweupe, mlango wazi, na kila anayepita ukumbini ananiona. Mke wa mwenye nyumba amekwisha pita mara tatu. Aendelee kupita.

Naandika kwa herufi za Kiarabu, zile nilizofunzwa na bibi yangu. Mwandiko wangu unaujua ulivyo, ulikuwa ukiucheka, ukisema kunguru kakanyaga wino. Cheka tu. Leo ningefurahi kukusikia unacheka.

Nianze na siku ile uliyorudi mapema.

Mimi nilikuwa napepeta mchele uani. Nikasikia mlango wa mbele, nikajua ni wewe kwa kikohozi, nikashangaa maana jua lilikuwa bado halijafika utosini na meli ilikuwa imeingia tangu jana. Ukaja ukasimama, shati lako kavu. Kuli wa kupakua matishari hurudi nyumbani shati limemganda mgongoni. Lako lilikuwa kavu, nami nikalitazama shati kabla ya kukutazama uso.

Ukaniambia, "Wamenichukulia kipande."

Kile kipande cha bati chenye namba yako, ulichokivaa shingoni miaka kumi na mmoja. Nikakuuliza umegombana na nani. Ukasema hukugombana na mtu. Kampuni imeleta mashine ya kupimia nguvu za watu, kila kuli anapimwa, na anayeshindwa anapumzishwa. Ukanieleza ilivyo, huku ukinionyesha kwa mikono. Ubao wa kusimamia, mnyororo unaotoka kwenye ubao, katikati ya mnyororo kitu cha mviringo mfano wa saa ya ukutani, na juu yake mpini. Mtu anasimama juu ya ubao, anainama, anashika mpini kwa mikono miwili, anavuta kama anayeng'oa kisiki. Mshale wa ile saa unazunguka kwenye namba. Kwenye ratili mia tatu wamechora mstari mwekundu. Ukiufikia, unafanya kazi. Usipoufikia, unakwenda zako. Makuli mlikuwa mmekwisha ipa jina, Saa ya Mgongo.

"Nimevuta mpaka nikaona nyota," ukaniambia. "Mia mbili na arobaini."

Karani aliyekuwa akiandika namba, yule kijana Aloisi aliyetoka Kilimanjaro, alikuambia kwa upole kabisa kwamba mashine haidanganyi. Binadamu huchoka bila kujijua, mzee, lakini mashine haidanganyi. Alikuita mzee. Ulikuwa na miaka arobaini na miwili.

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yangu. Mimi niliiamini ile mashine.

Mimi, Mwanahawa, niliyekaa sokoni Kariakoo na mizani mbele yangu tangu Tatu hajazaliwa. Mimi ninayejua mizani inavyoweza kuelemea upande kwa tope la nazi lililoganda chini ya sahani, ninayejua jiwe la mizani lililotobolewa chini na lisilotobolewa. Ulipotamka ile namba nikaona haya kwa niaba yako, nikainamisha kichwa kwenye ungo. Na wiki ile ile, ulipotaka kuniinulia gunia la kunde, nikakuambia, "Acha, nitamwita mtu." Nakumbuka ulivyoliachia. Uliliachia polepole, ukapangusa mikono kwenye msuli, ukaenda kukaa barazani.

Hayo maneno matatu yananikaa kooni mpaka leo. Nisamehe. Nitakuomba tena mwisho, lakini nianze kukuomba hapa.

Ulikuwa mtu wa kuinua vitu kama mchezo. Siku hereni yangu ilipopotea chini ya kitanda, uliinua kitanda upande mmoja nami nimo juu yake nimelala, ukakishikilia kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto unapapasa sakafu, na unaniuliza kama ni hii au ile ya jana. Baada ya ile saa ulianza kuuliza kila kitu kama ni kizito. Debe la maji, zito? Jiko, zito? Tatu alipokuja na kanzu yake ya Idi akitaka umpandishe mabegani, ulimwambia, "Baba ameishiwa nguvu, mwanangu." Mtoto akakucheka akidhani unatania. Akakuvuta mkono. Hukuinuka.

Wiki ya tatu ukaamka ukaniambia unarudi kupimwa. Kibwana, mwenzako wa kubeba, alikuwa amekuombea kwa nyapara upewe nafasi ya pili. Ulikunywa uji bakuli mbili. Ulitoka umenyooka. Adhuhuri ukarudi unatembea kama mtu aliyebeba yai katikati ya mapaja. Nikakuuliza, ukasema umekula vibaya. Nikakuuliza mashine imesemaje, ukasema, "Mia mbili na hamsini," ukageukia ukutani.

Hukuniambia kwamba kuna kitu kilipasuka ndani. Uliificha ile ngiri siku mbili nzima, umejifunga kitambaa, unajikaza, mpaka ukaanza kutapika kijani. Kibwana na mimi tukakulaza kwenye mkokoteni. Tulipofika hospitali walikupasua siku ile ile, lakini utumbo ulikuwa umekwisha jinyonga. Daktari alizungumza nami kwa adabu, simlaumu. Ulipozinduka ulinishika kidole gumba, ukasema, "Nilivuta, Mama Tatu. Ilikuwa haitaki." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yako. Ukafa unaamini kwamba zilizokuishia ni nguvu zako.

Hamadi alisema siku yako ilikuwa imeandikwa. Nimekubali. Nimekaa eda yangu miezi minne na siku kumi, sikupaka wanja, sikuvaa kanga ya rangi, sikuvuka kizingiti. Siku yako iliandikwa na Mungu. Ila ile mia mbili na arobaini iliandikwa na karani.

Nilipotoka eda nikarudi sokoni. Wenzangu walikuwa wamenitunzia meza. Wakanikaribisha kwa vilio vidogo, kisha tukaendelea kuuza. Siku ya nne au ya tano akaja Kibwana. Amekonda. Akanunua kibaba cha mchele, akawa haondoki. Nikamuuliza habari za gati.

Akasema, "Shemeji, ile saa inatumaliza. Mpaka sasa wametolewa kumi na wawili, ukimhesabu marehemu. Na juzi imemtoa Mbaruku."

Nikaacha kupima. Mbaruku nilimjua, mjini nani hakumjua? Yule aliyekuwa akipanda ubao wa meli na magunia mawili, moja begani, moja kwapani, huku anaimba. Nikamwambia Kibwana, "Mbaruku ameshindwa kufika mia tatu?"

"Amefika mia mbili na themanini. Amelia kama mtoto."

Baba Tatu, siku ile nilipima vibaya mchana kutwa. Mteja mmoja nilimzidishia, mwingine akanirudishia kunde akisema nimempunja. Nikaomba radhi. Na neno lile lile likanikaa kichwani nikitembea kurudi nyumbani. Amenipunja. Nani kasema ile saa haipunji?

Haikupita wiki mbili ukafika wakati wa kugonga muhuri mizani. Unajua ilivyo, tunapanga foleni na mizani zetu na mawe yetu, mkaguzi wa serikali anakuja na mawe yake ya shaba ndani ya sanduku lenye mahameli, anapima moja moja, iliyo sawa inagongwa alama kwa nyundo, isiyo sawa inachukuliwa. Mkaguzi ni Mzungu mwembamba, ana msaidizi Mwafrika anayetutafsiria. Ilipofika zamu yangu ikagongwa. Badala ya kuondoka nikamwambia msaidizi amuulize bwana: mizani ya kule gati, ile ya kupimia watu, nayo ameigonga muhuri?

Msaidizi akasita, lakini akauliza. Mkaguzi akacheka kidogo, bila ubaya. Akasema sheria ni ya bidhaa. Mchele, sukari, pamba, kopra. Mtu si bidhaa.

Nikasema, "Mwambie mchele wangu una bahati."

Yule msaidizi hakutafsiri. Aliinama akajifanya anafunga sanduku, lakini niliona mabega yake yanacheka.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwa Fundi Velji, yule Mhindi anayetengeneza mizani za soko zima, amekuja na mizani za wateja wake. Alisikia yote. Tulipotoka akaniuliza ile mashine ikoje. Nikamweleza ulivyonieleza, hata mikono nikaifanya kama ulivyofanya. Akatikisa kichwa, akasema ile si ajabu yoyote, ni mizani ya springi. Ukiivuta springi kwa mkono au ukiitundikia mzigo, yenyewe haijui tofauti.

"Wewe tundika kitu unachojua uzito wake," akasema. "Itakuambia yenyewe kama mwongo."

Kitu ninachojua uzito wake! Nilitaka kumbusu mkono yule mzee.

Nikampelekea habari Kibwana, naye akawaambia wenzake. Wakaafikiana kwamba Jumatatu, siku ya kupimwa, na meli ya saruji inatazamiwa, hakuna mtu atakayepanda ule ubao mpaka gunia lipande kwanza. Nami nikapima gunia la mchele kwa mizani yangu, sahani kwa sahani, mbele ya wanawake sita wa soko, mpaka zikatimia ratili mia mbili pamoja na uzito wa gunia lenyewe. Nikalishona mdomo kwa mkono wangu.

Hamadi akasikia. Akanijia Jumapili alasiri, akasimama mlangoni. Akasema gati si mahali pa mwanamke, na mjane aliyetoka eda juzi, watu watasemaje. Akasema nitawaponza wenye kazi zao. Hilo la mwisho lilinigusa, sikudanganyi, kwa sababu watoto wa Kibwana ni saba. Lakini nikamjibu, "Shemeji, ndugu yako amekufa akijiona hana thamani. Kama ile mashine ni ya kweli, nitarudi nikae kimya maisha yangu yote. Hutaki kujua?"

Akaondoka bila kuaga.

Asubuhi Kibwana na Mbaruku wakalikokota gunia kwa mkokoteni, mimi nafuata nyuma na buibui langu. Tukapita kando ya Mnazi Mmoja, watu wakidhani tunapeleka mchele wa harusi. Wewe ulikuwa ukiipita njia ile kila siku nami sikuwahi hata mara moja kuipita pamoja nawe.

Ghalani makuli walikuwa wamesimama, mikono wameifunga kifuani. Ule ubao uko chini na mashine juu yake. Nilipoiona, Baba Tatu, nilitaka kuitemea mate. Ni kitu kidogo! Nilikuwa nikidhani ni kikubwa kama mlango. Ni kidogo kuliko jiko langu la mkaa.

Nyapara akaanza kufoka. Aloisi yule karani akaja, kalamu sikioni, akaniamkia, "Shikamoo, mama." Sikumwitikia. Nikamwambia mimi ni mke wa Seif aliyepimwa mara mbili, nataka mashine ipime gunia hili. Akasema mashine haidanganyi. Nikamwambia basi haina la kuogopa.

Akaja bwana mkubwa wa ghala, Mzungu, amekunja mikono ya shati. Akawatazama makuli, akaitazama saa yake ya mkononi, akatazama meli kule nje. Nadhani meli ndiyo iliyotusaidia. Akasema haya, fanyeni upesi.

Wakaifungua mashine kwenye ubao, Mbaruku akapanda ngazi akaitundika kwa mnyororo kwenye boriti. Wakalitia gunia ndoano chini yake, wakaliachia taratibu. Mnyororo ukalia. Gunia likazunguka kidogo, likatulia. Mshale ukapanda. Mimi namba za Kizungu nazijua kwa ajili ya mawe ya mizani. Ukapita mia. Ukapita mia na arobaini. Ukasimama kwenye mia na sitini.

Nikahisi Kibwana amenishika bega, kisha akakumbuka, akaondoa mkono.

Hakuna aliyepiga kelele. Winchi ya nje ilisikika kama iko ndani. Aloisi akasogea karibu akaisoma ile namba mara ya pili, midomo ikimcheza.

Bwana mkubwa akasema kitu. Aloisi akatafsiri bila kunitazama. "Bwana anasema gunia limepungua. Wanawake wa soko wanajulikana."

Hapo nikavua woga wote. Nikamwonyesha ile mizani yao ya chini, ile sahani kubwa ya chuma wanayopimia shehena za watu, yenye alama ya muhuri pembeni. Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua, "Basi pimeni kwa mizani yenu. Hiyo mnayodaia malipo ya mizigo. Au hiyo nayo mwanamke wa soko ameichezea?"

Makuli wakaguna kama mtu mmoja. Bwana akawa mwekundu shingoni. Akaashiria. Mbaruku akalishusha gunia, akalibeba peke yake, akalitua kwenye mizani ya kampuni. Aloisi akasogeza kile chuma cha kupimia mpaka kikalala sawa.

"Mia mbili," akasema. Kisha akasema tena, kwa Kiingereza, na sauti yake ikakatika katikati.

Bwana akaamuru litundikwe tena kwenye ile saa. Likatundikwa. Mia na sitini. Akaipiga mashine kofi. Mia na sitini. Akasema neno fupi ambalo Aloisi hakulitafsiri, akaamuru ishushwe na ifunikwe turubai. Siku ile watu walipakua saruji bila kupimwa.

Sikushangilia. Nilikaa juu ya gunia langu pale pale kwenye mizani yao nikalia, nikalia vizuri, mbele ya wanaume themanini. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Baada ya siku chache wakaipeleka kwa Fundi Velji kutengenezwa, maana mjini ni nani mwingine? Akaniita. Alikuwa ameifungua juu ya meza. Akanionyesha springi. Ya asili ilikuwa imekatika, akasema, na mtu wa karakana yao akatia nyingine iliyotoka kwenye mtambo mwingine, nene kuliko inavyotakiwa. Springi nene haivutiki upesi. Katika kila ratili tano ulizovuta, ilikuwa inakula moja. Hakuna aliyeijaribu kabla ya kuwapandisha watu.

Nikauliza kama walikusudia. Fundi akasema, "Hapana, mama. Hawakujali tu."

Nimeligeuza jibu hilo siku nyingi. Laiti wangekusudia ningekuwa na adui mwenye uso. Lakini kijana mmoja ametia springi iliyokuwepo, mwingine ameandika namba aliyoiona, wa tatu ana haraka na meli. Na wewe uko kaburini. Nimeamua kuwakasirikia wote watatu, na sitaki mtu anipunguzie.

Fundi alipokwisha tia springi ya kufaa akaijaribu kwa mawe yake, kisha akaniuliza kwa utani kama nataka kuvuta. Nikatazama nje. Nikapanda ubao, buibui na vyote, nikavuta. Sitakuambia ni ngapi. Ila Fundi Velji aliinua nyusi, na mimi kiuno kiliniuma siku mbili.

Wale kumi na mmoja wamerudishiwa vipande vyao. Kampuni ilibandika karatasi kwamba ni kwa sababu ya marekebisho ya vifaa. Kosa halikutajwa. Bwana mkubwa aliniita, akataka kunipa magunia mawili ya sukari kuwa rambirambi. Nikamwambia Aloisi amwambie sukari inauzwa sokoni kwetu. Ninachotaka ni daftari lisahihishwe, namba ya Seif iandikwe inavyostahili. Bwana akasema daftari la mtu aliyekufa halifunguliwi. Nikasema, na mimi sukari ya namna hiyo siifungui. Nikatoka.

Nilidhani yamekwishia hapo. Lakini Alhamisi iliyopita Aloisi akaja sokoni, amevaa suruali yake nyeupe, akasimama mbele ya meza yangu nyuma ya wateja, akasubiri zamu yake kama wengine. Akasema, "Shikamoo, mama." Nikaendelea kupima. Akasimama. Mteja akaondoka. Akasema tena, "Shikamoo."

Nikasema, "Marahaba." Sijui kwa nini. Labda kwa sababu alikuwa anatetemeka.

Akatoa karatasi mfukoni. Akasema amelifungua daftari bila ruhusa, na pembeni ya jina lako, kwa wino mwekundu, ameandika hesabu iliyosahihishwa na kutia sahihi yake. Akijulikana atafukuzwa. Hesabu yenyewe amenakili kwenye karatasi, nayo ninayo hapa gotini.

Siku ya pili, ile uliyopasuka, ulivuta ratili mia tatu na kumi na mbili na nusu. Siku ya kwanza, ulipoambiwa mia mbili na arobaini, siku uliyorudi na shati kavu, ulivuta mia tatu kamili.

Umesikia? Kamili. Mshale ulipaswa kukaa juu ya ule mstari. Ulipaswa kushuka ubaoni, ukapewa kipande chako, ukarudi jioni umelowa jasho.

Aloisi akasema, "Nilikuwa nikiwaambia haidanganyi." Nikamwambia, "Usiseme tena hivyo kwa mtu yeyote kabla ya kuijaribu." Akasema hatasema. Akanunua mchele, nikampimia haki yake, nikamwongeza kiganja kimoja kama ninavyowaongeza wateja wengine.

Jioni Hamadi alikuja, akakaa barazani bila kupiga hodi. Nikamsomea ile karatasi. Akatafuna msuli wa shavu lake kama mnavyofanya nyote kwenu. Kisha akauliza, "Siku ya kwanza? Kamili?" Nikasema kamili. Akajifunika uso kwa kofia yake. Ndiye yule yule leo anayenikataza kuandika, lakini nadhani anaogopa nisije nikamtaja alivyolia. Nimekwisha mtaja.

Tatu nimemwambia asubuhi hii. Nilimkalisha, nikamweleza tangu mwanzo, kwa namba, maana hesabu anaijua kunishinda. Alifikiri, akaniuliza, "Kwa hiyo baba hakuishiwa?" Nikamwambia hakuishiwa hata siku moja.

Sasa nisikilize ahadi yangu. Mashine inarudi gati, na makuli wamesema haitapima mtu mpaka ijaribiwe mbele yao kila mwanzo wa mwezi. Bwana hajakubali. Atakubali, meli haziishi kuja. Wakiniita nitakwenda, na nikizeeka atakwenda Tatu. Na mtu yeyote katika mji huu, awe ndugu, awe jirani, awe mwenye suruali nyeupe, akisema Seif alitolewa gati kwa udhaifu, nitamsimamisha pale pale aliposimama nimsomee karatasi hii mpaka mwisho.

Nilikuambia nitakuomba radhi tena. Lile gunia la kunde ulikuwa na nguvu za kuliinua. Mimi ndiye niliyekosa imani. Nisamehe, mume wangu.

Pumzika, Baba Tatu. Ulivuta, na ulifika.

Mkeo,
Mwanahawa